Mi ni raia mpya Texas na nataka sera kali za uhamiaji, je mbunge atanisikiliza?

Swali: "Habari kaka. Niko Fort Worth, nafanya kazi ya kulea wazee, nimeapa uraia mwaka jana. Kusema ukweli mi ni mhafidhina na kanisani kwetu wengi tuko hivyo. Nataka mpaka uwe na utaratibu, watu wafuate foleni kama nilivyoifuata mi, na kwenye shule wazazi wawe na sauti. Nataka niwaandikie mbunge wangu na maseneta wabadilishe sheria. Ila nina mdogo wangu Bukoba nishamfungulia faili la kumleta huku, na watoto wa dada kila mwaka wanacheza lotari ya grinkadi. Hizo barua kuna mtu anazisoma kweli? Na nitajuaje kama ninachokiomba hakitawarudia ndugu zangu wenyewe?"

Dada yangu, kwanza hongera ya uraia. Jibu fupi ni kwamba zinasomwa, ila hazisomwi na yule unayemwandikia na wala hazisomwi vile unavyodhani. Jibu refu ni hilo swali lako la mwisho, maana ndo watu wengi hawajiulizi kabla ya kushika simu.

Nilishawahi kukaa kwenye dawati la simu la ofisi ya mbunge mmoja, simtaji, kwa hiyo nakueleza kinachotokea ukipiga. Mbunge mmoja wa Bunge la Wawakilishi anawakilisha watu kama laki saba na sitini hivi, na sheria inamruhusu wafanyakazi wa kudumu 18 tu, wengine Washington wengine jimboni. Anayepokea simu ni kijana katoka chuo juzi. Atakuuliza jina na zipkodi (namba ya posta ya unapokaa), atasikiliza dakika moja au mbili, kisha ataingiza kwenye kompyuta: mada ni uhamiaji, muswada gani, anaunga mkono au anapinga. Mwisho wa wiki mbunge anapewa karatasi yenye hesabu, simu ngapi huku ngapi kule. Basi. Ukipiga ukasema tu "mbunge afanye kitu kuhusu mpaka" kijana anakuandika kwenye fungu la jumla na hapo umeisha, hauko huku wala kule.

Na zipkodi ndo kila kitu. Kama haumo jimboni mwake wanakuambia asante na hawakuhesabu, kwa hiyo zile meseji za WhatsApp zinazosema "wote tupige kwa mbunge fulani wa Ohio" achana nazo. Kwenu Fort Worth hapo kuwa makini zaidi kwa sababu mji umekatwa vipande kwenye majimbo kadhaa, halafu Texas ikachora ramani upya 2025 kwa ajili ya uchaguzi wa 2026, yaani anayekuwakilisha leo na anayekuja kuomba kura yako wanaweza wakawa watu wawili tofauti. Anayepokea malalamiko yako ni huyu wa sasa mpaka bunge jipya liapishwe Januari 2027. Ingia kwenye tovuti ya Bunge uweke anwani yako, itakutajia.

Barua ya karatasi kwenda Washington usisumbuke nayo. Tangu zile bahasha za kimeta za 2001 barua za Bunge zinapitishwa kwenye ukaguzi nje ya majengo na zinakawia mno, muswada unaweza ukapigiwa kura barua yako bado iko njiani. Piga simu, au tuma kupitia fomu ya tovuti yake, au ipeleke barua kwa mkono ofisi ya jimboni, hiyo ya mwisho kwa maoni yangu ndo bora kuliko zote maana kule hawazidiwi na watu kama Washington. Na zile barua za kubonyeza tu, ambazo shirika limeshakuandikia maneno yote we unaweka jina, zinahesabiwa ila zinafungwa pamoja kama mzigo mmoja. Ukiandika mistari kumi ya kwako, kwamba we ni mlezi wa wazee, ulisubiri miaka kadhaa, ulilipa ada zote, na unataka kifungu hiki na hiki, hiyo inasogezwa kwa mtu anayeshughulikia sera, na mara nyingine ndo inasomwa mbele ya mbunge mwenyewe.

Sasa usije ukadhani kelele za wananchi hazina nguvu. Kwenye hii mada ya uhamiaji zimeshaangusha miswada mikubwa sana. 2007 Rais Bush, Mrepublikani, alikuwa na muswada wa mageuzi uliotengenezwa na maseneta wa pande zote, kina Kennedy wa Wademokrati huku na Kyl wa Warepublikani huku. Mashirika kama NumbersUSA, lililoanzishwa na Roy Beck 1996, yaliwapa watu wa kawaida njia ya kutuma faksi bure kwa maseneta wao, redio za mazungumzo zikawa zinawaka kutwa nzima, na siku ya kura yenyewe swichibodi ya Capitol, jengo la Bunge, ikazidiwa. Tarehe 28 Juni 2007 muswada ulihitaji kura 60 ili kufunga mjadala ukapata 46, 53 wakapinga. Kwisha. 2013 wakajaribu tena, Seneti ikaupitisha kwa 68 dhidi ya 32, lakini Bunge la Wawakilishi halikuugusa kabisa, na mwaka uliofuata Eric Cantor, namba mbili wa Warepublikani bungeni, akaangushwa na profesa wa uchumi asiyejulikana, Dave Brat, kwenye kinyang'anyiro cha ndani ya chama huko Virginia, na uhamiaji ilikuwa moja ya fimbo alizochapwa nazo. Wabunge waliobaki walielewa somo.

Lakini hapo hapo kuna kitu wapiga simu wengi wa 2007 na 2013 hawakukijua. Miswada yote miwili iliyoangushwa ilikuwa inaifuta lotari ya grinkadi. Yote miwili ilikuwa inafunga ule mlango wa ndugu, kaka na dada, na kuleta mfumo wa pointi, yaani kuchagua watu kwa elimu na ujuzi. Haya ni mambo ambayo wahafidhina wanayadai mpaka leo, na yalikuwemo mle mle. Wao waliiua kwa sababu ya sehemu ya kuwapa njia ya uraia watu wasio na makaratasi, hiyo ndo waliyoiita msamaha, na ni haki yao kuipinga, ila nataka uone kwamba muswada wa uhamiaji hauwi kitu kimoja. Ni furushi. Ukisema "naunga mkono sera kali" unakuwa umenunua furushi bila kulifungua.

Tulifungue basi kwa upande wako.

Faili la mdogo wako liko kwenye kundi linaloitwa F4, ndugu wa raia. Linapewa viza 65,000 kwa mwaka dunia nzima, na foleni kwa nchi kama yetu ni zaidi ya miaka 15. Lotari ilitokana na sheria ya 1990 iliyotenga viza 55,000. Sasa 2017 maseneta Tom Cotton na David Perdue walileta muswada wao wa RAISE, Rais Trump akausimamia hadharani, na huo unaondoa F4, unaondoa watoto wa raia waliovuka umri, wazazi wanapewa viza ya muda badala ya grinkadi, lotari inafutwa, wakimbizi wanawekewa kikomo cha 50,000. Wanaobaki wa familia ni mume au mke na watoto wadogo. Haukupita, ila hayo mawazo hayajafa, kila bunge jipya kuna mtu anayaleta kwa jina lingine. Kwa hiyo ukimpigia mbunge ukamwambia "apunguze uhamiaji wa mnyororo" (hilo ndo neno lao kwa F4 na wenzake) jua unamzungumzia mdogo wako wa Bukoba. Sisemi usimpigie. Kuna watu nawajua, Waafrika wenzetu, wanaamini kabisa kwamba nchi ichague watu kwa ujuzi na sio kwa undugu, na wako tayari kubeba gharama yake nyumbani kwao. Nawaheshimu kuliko yule anayedai kitu halafu akishtuka kimemgonga anasema hakujua.

Na msimamo huo sio wa wazungu wa kulia peke yao kama watu wanavyodhani. Barbara Jordan, mwanamama mweusi wa Houston, Mdemokrati, mtoto wa mchungaji, ndo aliyeongoza tume ya taifa ya uhamiaji miaka ya 90, na tume yake ilipendekeza uhamiaji halali ushuke mpaka 550,000 kwa mwaka na kundi la ndugu lifutwe. Alikuwa akisema mfumo unaoaminika ni ule ambao anayestahili kuingia anaingia, asiyestahili anazuiwa, na asiyestahili kuwepo anaondoka. Alifariki Januari 1996. Mwaka huo huo Lamar Smith, mbunge wa Texas, akataka kuyaingiza mapendekezo kama hayo kwenye sheria moja, kupunguza wanaokuja kihalali na kubana wasio na makaratasi kwa pamoja. Unajua nani walimzuia? Wafanyabiashara, makanisa, na wahafidhina wa soko huria, Warepublikani wenzake kibao. Wakaukata muswada vipande viwili, sehemu ya uhamiaji halali ikatupwa, ya ubanaji ikapita, Clinton akaisaini Septemba 1996. Ndo ilileta ile adhabu ya kufungiwa miaka 3 au 10 kwa aliyezidisha muda, na ile fomu ya udhamini ambayo we mwenyewe utaijaza siku ya mdogo wako ikifika, kuonesha kipato cha asilimia 125 ya mstari wa umaskini.

Kwa hiyo njia waliyopita bungeni 1996 ipo, unaweza kuipita hata leo: kudai ubanaji bila kudai kufunga milango halali. Wahafidhina wamegawanyika hapo na wewe una ruhusa ya kuchagua upande. Useme hivyo kwa maneno yako, "naunga mkono ulinzi wa mpaka na ukaguzi wa waajiri, sikubali F4 iguswe", na kijana wa simu ataandika. Ukikaa kimya kuhusu hiyo sehemu ya pili wanakuhesabu kwenye furushi zima.

Mfano wa karibuni wa furushi ni ile sheria kubwa ya bajeti ya 4 Julai 2025. Watu wengi wa makanisani walipigia simu kuiunga mkono kwa ajili ya pesa za ukuta, zaidi ya dola bilioni 46, na bilioni 45 za mahabusu za ICE, idara inayokamata na kuondosha wahamiaji. Ndani yake kulikuwa na kodi ya kutuma pesa nje. Ilianza 5% na raia walikuwa wamesamehewa, Bunge likaishusha 3.5%, ikafika Seneti ikawa 1%, lakini ule msamaha wa raia ukaondoka. Tangu 1 Januari 2026 ukienda dukani na keshi au mani oda kumtumia mama pesa unakatwa, uwe raia uwe nani. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya Marekani hukatwi, kwa hiyo achana na keshi, hilo nakupa bure. Nachotaka uone ni vile ilivyoshuka kutoka 5 mpaka 1, haikushuka kwa huruma, kuna watu walibana kifungu hicho kimoja, kampuni za kutuma pesa, mabalozi, serikali za nje, hawakuhangaika na sheria nzima.

Kingine, ujue nani ana rungu la kitu gani, maana watu wanapoteza miezi wakimpigia mtu asiye na uwezo. Idadi ya wakimbizi kwa mfano inapangwa na Rais kila mwaka chini ya sheria ya 1980, Bunge linashauriwa tu. Ndo maana iliweza kutoka 125,000 ya Biden mpaka 7,500 kwa mwaka wa bajeti wa 2026 bila muswada wowote, na ndugu zetu Wacongo waliokuwa kundi kubwa kabisa la wakimbizi wanaopokelewa wakabaki kambini Nyarugusu na Kakuma na tiketi zimefutwa. Uwe unaifurahia hatua hiyo au inakuumiza, mbunge wako hakuipigia kura. Seneti nayo ina ule utaratibu wa kura 60, kwa hiyo muswada wa mpaka kama H.R. 2 ulipita Bunge la Wawakilishi Mei 2023 kwa 219 dhidi ya 213 ukaenda kufia upande wa pili. Mambo yanayopita ni ya bajeti, ambayo hayahitaji 60, au ni yale ambayo Wademokrati kadhaa wameogopa kuyapinga, kama sheria ya Laken Riley ya Januari 2025, ya kuwaweka mahabusu wasio na makaratasi wanaoshtakiwa kwa makosa kama wizi. Ukiona muswada hauna dalili ya kufika 60, omba kitu kidogo zaidi: mwambie mbunge aweke jina lake kama mdhamini mwenza. Hilo anaweza kulifanya leo kwa saini, na linabaki kwenye rekodi, hawezi kulikana kwenye kampeni.

Sasa hapa Texas ndo penye nguvu yako halisi na sijui kwa nini diaspora yetu wote macho yako Washington. Bunge la jimbo linakaa kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, siku 140 kuanzia Januari, mbunge wa jimbo ana watu laki mbili hivi tu na ukienda Austin kwenye kamati unaruhusiwa kusimama ukaongea kwenye maiki. Jimbo haliwezi kugawa viza, ila linaweza kuwabana masherifu (sheria ya 2025 inawalazimisha wanaoendesha jela kuingia mkataba wa 287(g) na ICE, yaani askari wao wafanye baadhi ya kazi za uhamiaji, ingawa kaunti yenu ya Tarrant ilishaingia tangu 2017), na linaweza kuwabana waajiri. Hapo kwa waajiri ndo pana kichekesho. Florida tangu Julai 2023 mwajiri mwenye watu 25 na kuendelea lazima akague makaratasi kwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuthibitisha kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi. Texas, pamoja na makelele yote ya mpaka, haijawalazimisha waajiri wote binafsi. Wajenzi na wakulima hawaitaki, na wao ndo wachangiaji wa kampeni. Ukitaka kumpima mwanasiasa wako kama anamaanisha anachosema, muulize E-Verify mbele za watu, utaona anavyokohoa.

Kuhusu shule, hilo lako la wazazi, ndo mfano mzuri kuliko yote wa namna wahafidhina wanavyobanana wenyewe kwa wenyewe. Novemba 2023 mpango wa vocha za shule, yaani pesa za serikali za kumlipia mtoto shule binafsi, ulikufa Austin, kura 84 kwa 63, na Warepublikani 21, wengi wa vijijini, waliungana na Wademokrati kuuondoa, wakisema shule ya serikali ndo mwajiri mkubwa kwao. Gavana Abbott hakukubali. Machi 2024 zikaja praimari, hizo ni kama kura za maoni za CCM, akazunguka jimbo zima akiwapigia debe wapinzani wa baadhi ya hao 21, pesa zikamwagwa, na wengi kati ya waliogombea tena wakaanguka. Bunge lililofuata vocha zikapita, dola bilioni moja, akasaini Mei 2025. Praimari za Texas wanajitokeza watu wachache sana ukilinganisha na Novemba, na huhitaji kadi ya chama, siku ile unachagua tu karatasi ya chama kipi unataka. Kwenye majimbo mengi ya Texas mshindi wa Novemba anajulikana tangu Machi. Kwa hiyo raia mhafidhina asiyepiga praimari, hata apige simu mia, kwenye ile karatasi ya wiki ni namba tu. Ofisi za kampeni zinajua nani alipiga praimari, hiyo orodha ni ya wazi kisheria, hawajui ulimpa nani kura ila wanajua ulikwenda.

Jinsi ya kusema kwenye simu usipambe. Namba ya swichibodi ni 202-224-3121, unataja unataka ofisi ya nani. "Jina langu fulani, niko Fort Worth, zipkodi hii, ni raia na mpiga kura. Namwomba mheshimiwa audhamini muswada namba hii. Na namwomba asikubali kifungu cha kufuta viza za ndugu. Nataka jibu la maandishi." Inatosha. Usisome Biblia kwenye simu, tafadhali, kijana ana simu nyingine inaita. Biblia na historia yako ya maisha ziweke kwenye ile barua ya ofisi ya jimboni. Na Agosti wabunge wanarudi majimboni, wakiitisha mkutano wa hadhara nenda na wenzako wa kanisani watano au kumi, mkae sehemu tofauti tofauti ukumbini, kila mmoja aulize swali moja lile lile kwa namna yake.

Wenzako wenye grinkadi tu nao wanaruhusiwa kupiga simu, kuandika, kuandamana, hata kuchangia kampeni. Kupiga kura ndo mwiko. Hiyo hiyo sheria ya 1996 imefanya asiye raia kupiga kura ya shirikisho kuwa kosa la jinai, na inaweza kumwondoa nchini hata kama alijiandikisha kwa kudanganywa pale anapochukua leseni ya gari. Waambie kanisani, kwa sauti.

Na faili la mdogo wako usilitoe kwa kuogopa. Tarehe uliyolifungua ndo nafasi yake kwenye foleni, na kwenye muswada wa Seneti wa 2013 waliokuwa wameshafungua walitengewa muda wa kumaliziwa hata kama kundi lenyewe linafutwa, ingawa huo wa RAISE haukuwa na huruma hiyo kwa wengi. Likija kukwama USCIS, idara inayoshughulikia mafaili ya uhamiaji, ofisi ile ile ya mbunge unayembana kuhusu mpaka ndo itakayokusaidia kuulizia, wana watu maalum wa kazi hiyo jimboni na hawaangalii ulipiga simu kuunga mkono nini. Utajaza fomu ya kuwaruhusu waone taarifa zako, saini iwe ya mwenye faili, yaani wewe na sio mdogo wako, namba ya risiti iandikwe vizuri, na jina la mdogo wako liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, sio lile mnaloitana nyumbani.